Maganda ya Sauti

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, dobi alichukua kikaratasi chenye namba thelathini na moja, akaketi kwenye benchi la ofisi ya maji. Benchi lilikuwa la chuma lenye matundu, na aliyekaa hapo zaidi ya saa moja aliinuka na chapa za matundu mapajani. Mlangoni palikuwa na chungu cha maua kilichomwagiliwa vizuri. Kwenye kaunta, mahali ambapo zamani alikaa karani, paliwekwa mashine ya rangi ya maziwa, ukubwa wa kikapu cha nguo, yenye wavu wa kusikilizia na kioo cha kuandika majibu.

Namba yake ilipoitwa alisogea, akainamia wavu, akasema kwamba yeye ni dobi wa mtaa wa chini, kwamba bomba la mtaa mzima limekauka, na kwamba nguo za watu zimelala kwenye mabeseni zinachacha. Maneno yalimtoka kinywani vizuri, ila hayakufika kwenye wavu. Yalipepea kidogo hewani, membamba na makavu kama maganda ya kitunguu, yakaanguka, mengine juu ya kaunta, mengine miguuni pake. Mashine ikasema samahani, haijasikia, arudie. Akarudia. Baada ya mara ya tatu mashine ilimshukuru kwa kufika, ikamwita mwingine.

Hakuna aliyeinua shingo kutazama. Mambo yalikuwa hivyo tangu mashine iletwe. Watu wa mlimani walisikika. Watu wa mtaa wa chini, wanaokata neno katikati na kuliunga wanavyojua wenyewe, hawakusikika, na walichosema kilianguka sakafuni, ganda moja kwa kila sentensi. Saa kumi na moja jioni mfagizi alipita na ufagio wake mpana akayazoa yote. Mfagizi huyo alikuwa kaka yake dobi. Hakuwahi kumwambia dada yake anayapeleka wapi, na dada hakuwahi kuuliza.

Dobi alikuwa na binti mmoja, mwaka wa pili chuoni, akisomea kompyuta. Binti alikuwa amejaribu kumfundisha mama yake kutamka kama wasoma habari, kwa kufungua mdomo na kulimaliza kila neno mpaka mwisho wake. Mama alimsikiliza huku anapiga pasi, kisha akakataa.

"Mimi sisomi habari," alisema. "Nakwenda kuwaambia maji hakuna."

Basi likizo ndefu ilipokaribia, binti alimsindikiza ofisini, na mama alipokuwa anarudia mara ya pili, yeye aliinama akasoma kibandiko kilichokuwa ubavuni mwa mashine. Kilikuwa na jina la programu. Nyumbani alilitafuta jina hilo, akagundua kwamba ni programu huria: haina mwenyewe mmoja, msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, na watu wa nchi nyingi huirekebisha kwa kujitolea. Tena kila mwaka, wakati wa likizo, mradi huo huchukua wanafunzi wachache, humpa kila mmoja mlezi wa kumshika mkono, na kwa wiki kumi na mbili mwanafunzi hufanya kazi aliyoiomba mwenyewe.

Fomu ya maombi ilimtaka aeleze nia yake kwa maneno yasiyozidi mia tano. Aliandika: "Programu yenu haimsikii mama yangu. Nataka imsikie." Alichaguliwa.

Mlezi wake alikuwa mwanamke mwenye mvi aliyeishi nchi ya baridi na kuvaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Kiswahili chake kilikuwa cha kusomea, kimenyooka kama rula. Walionana kwenye kompyuta kila Jumanne na Ijumaa saa nne asubuhi, binti akiwa ameketi kati ya marundo mawili ya mashuka, kwa sababu mezani ndipo mama alipopigia pasi na nafasi nyingine haikuwepo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusahihisha neno moja lililokosewa kwenye maelezo ya programu. Mlezi aliirudisha mara tatu. Mara ya kwanza palikuwa na nafasi iliyozidi mwisho wa mstari, mara ya pili hakuwa ameeleza alichobadilisha, mara ya tatu alikuwa ameeleza alichobadilisha lakini si kwa nini. Binti alinung'unika kwamba neno lenyewe lina herufi tano. Mlezi hakukasirika. Alimwambia kwamba mstari ule utasomwa siku moja na mtu asiyemjua, yeye mwenyewe akiwa hayupo kuuelezea, kwa hiyo auandike kwa ajili ya mtu huyo. Binti aliinama akauandika upya, na safari hii ukakubaliwa.

Wiki ya tatu walifika kwenye kiini. Msimbo haukuwa na kasoro. Programu ilifundishwa kusikia kwa kutumia sauti za wasoma habari, ndiyo maana iliwasikia wasoma habari na waliosoma nao. Haikuwahi kukutana na watu wa mtaa wa chini. Ilihitaji sauti zao, maelfu ya sentensi, watu wakizungumza kama wanavyozungumza.

Binti akaanza na mama yake. Alimpa karatasi yenye sentensi kumi asome. Dobi alisafisha koo, akavaa miwani, akasoma kama msoma habari, akilimaliza kila neno mpaka mwisho wake. Binti alimwita jirani, ambaye mtaani aliitwa Mama Pacha. Huyo alisoma kama anayetangaza matokeo ya mtihani wa taifa. Kila aliyeshika karatasi aligeuka mtu mwingine. Binti aliwajaribu watu kumi na wanne, akafunga kompyuta, akaweka kichwa juu ya mashuka.

Mjomba wake mfagizi alikuwa amepita kunywa chai. Aliuliza mtoto ana nini, akaelezwa. Alikunywa kikombe chake mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Si mngeniuliza mimi," alisema. "Ninazo magunia saba."

Alikuwa ameambiwa ayachome maganda ya ofisini. Lakini alikuwa amefagia miaka ishirini na miwili, na takataka alizijua kwa uzito wake kwenye kizoleo, na hayo, alisema, hayakuwa takataka. Aliyafunga kwenye magunia, akaandika juu ya kila gunia mwezi na mwaka, akayapanga chumbani kwake nyuma ya kitanda. Usiku wenye upepo yalichakarika, naye akayazoea.

Kesho yake walileta gunia la kwanza kwa mkokoteni. Ganda kavu likiwekwa sikioni lilitoa mnong'ono tu. Mama ndiye aliyegundua dawa yake, kwa sababu kazi yake ilimfundisha kila kitu kikavu kinataka nini. Alilitia ganda moja kwenye kijiko cha maji. Likalainika, likakunjuka, na sauti ya Mama Pacha ikatoka safi kabisa, ikisema kwamba ana watoto wawili wachanga na hana hata maji ya kuwaosha macho. Ilisema mara moja, ikanyamaza. Lilipokauka likawa ganda tena, na ungeweza kulilowesha upya.

Tatizo likawa maji. Siku hizo walikuwa wanapata ndoo nne kwa siku kutoka kwenye mkokoteni wa muuza maji, zote za nguo za wateja. Maganda ya gunia moja yangemaliza ndoo nzima. Dobi aliyatazama mashati ya wateja kwenye beseni, akaitazama ndoo.

"Watayavaa Jumanne badala ya Jumatatu," alisema, akaisukuma ndoo kwa mguu mpaka kwa bintiye.

Wakafanya kazi wiki mbili. Binti alilowesha na kurekodi, mama aliyabana maganda kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, katikati ya mashati na suruali, yakauke. Wapita njia walisikia ua ule unanong'ona wakajua ni kazi ya chuo.

Mlezi alipoelezwa hakuuliza maganda ni nini. Aliuliza kama yaliokotwa chumba kimoja au vyumba tofauti, kwa kuwa mwangwi huathiri. Kwao, alisema, sauti za namna hiyo huganda kwenye vioo vya madirisha, na mtu huzikwangua asubuhi kabla ya kuwasha gari. Ni mali nzuri lakini hazidumu. Kisha akauliza swali ambalo binti hakulitegemea. Wenyewe wamekubali?

Binti akasema wenyewe walizitoa sauti hizo kusudi zisikike. Mlezi akasema walizitoa ili ofisi ya maji izisikie. Hawakuzitoa zitumike kwenye programu itakayokwenda dunia nzima na kubaki humo daima. Kila sauti ilihitaji ridhaa ya mwenye sauti, kwa maandishi. Bila hiyo hakuna hata ganda moja lingeingia.

Yalikuwa maganda elfu nne na mia mbili. Binti alichapa fomu, akachukua bakuli, kijiko na chupa ya maji, akatoka na mama yake. Mama ndiye aliyekuwa ramani. Alizijua nguo za kila mlango kwa jasho na madoa yake, na sauti hakupata shida nazo. Kijiko kikisema nusu sentensi tayari ameshaonyesha kidole. Huyu ni wa duka la viatu. Huyu ni yule anayerudisha vifungo.

Watu walisikiliza sauti zao wakiwa wamesimama mlangoni. Wengi walitia saini palepale. Dereva mmoja aliomba sentensi zake tatu ziondolewe, kwa sababu alimtukana mama wa mashine na baadaye akafikiri kwamba huenda nayo ina mama. Mwanamume mwingine alijisikia anabembeleza, karibu kulia, akasema arudishiwe hilo. Binti alimrudishia. Aliliweka mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

Fundi saa aliishi peke yake tangu mkewe afariki. Mkewe alikuwa amekwenda ofisi ya maji mara tisa kabla ya kuugua, na magunia yalikuwa na maganda yake ishirini na matatu. Mzee alizisogeza saa pembeni, akaweka kisosi katikati ya meza, akaomba yote yaloweshwe kwa mpangilio wa tarehe. Aliyasikiliza moja moja mpaka la mwisho. Katika hilo mkewe alikuwa amemaliza kulalamika, mashine imeshamshukuru, naye anaokota mkoba wake. "Haya mwili," sauti ilisema, "twende nyumbani."

Fundi saa aliomba lirudiwe. Binti alilikausha kwa pumzi, akalilowesha tena.

"Ishirini na mawili chukueni," mzee alisema. "Hayo aliyasema yasikike. Hili hakuwa anaiambia mashine."

Binti alikata namba kwenye fomu, akaandika ishirini na mbili, mzee akatia saini. Walipokuwa wanatoka mzee alikuwa ameshatafuta saa moja ya mfukoni isiyo na mashine ndani, akalilaza ganda humo, akafunga kifuniko.

Gunia la tano lilikuwa na sauti ambayo dobi aliitambua lakini hakuonyesha kidole. Ilikuwa ya fundi bomba, mwajiriwa wa ofisi ya maji, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kona. Sauti ilisema: "Koki ya mtaa wa chini haijaharibika. Imefungwa. Niliifunga mimi, kwa barua ya meneja, ili maji yapande vizuri mlimani. Naomba niruhusiwe kuifungua."

Mtaa mzima ulikuwa unaamini bomba limepasuka mahali fulani chini ya ardhi. Dobi alikiweka kijiko mezani, akajifunga khanga vizuri, wakaenda.

Fundi bomba alikuwa anapaka grisi bawaba za mlango wake. Alipoisikia sauti yake kutoka kwenye bakuli aliendelea kupaka. Alisema ameisema mara nne, kila mara siku yake ya mapumziko, amepanga foleni kama watu wengine, kwa sababu kwa meneja uso kwa uso asingethubutu. Ufunguo wa koki umefungiwa kabatini kwa meneja. Yeye ana mkataba wa mwezi kwa mwezi na watoto watano. Fomu hakutia saini. Binti alifungua mdomo, mama akamgusa bega. Waliyaacha maganda manne juu ya meza yake, wakaondoka.

Jumatatu iliyofuata dobi alikwenda kwa mashine, akasema koki imefungwa, ifunguliwe. Hakumtaja mtu. Sentensi hiyo nayo ilianguka, na kaka yake akaizoa jioni.

Wiki ya kumi binti aliwasilisha kazi yake. Mkaguzi wa mradi, mtu ambaye hawakuwahi kumwona uso, aliisifu, kisha akaandika kwamba kuna upungufu. Neno maji limejirudia kupita kiasi. Karibu kila sentensi inalo. Alipendekeza binti aongeze sentensi za hali ya hewa, michezo na safari, ili kuweka uwiano.

Binti alijibu siku hiyohiyo, mbele ya macho ya kila mtu, kwa kuwa majibu yote ya mradi huo huandikwa hadharani. Aliandika: "Sauti hizi ni za watu waliokwenda kudai maji. Sitawaomba warudi kuzungumzia michezo. Programu yenu ikilijua sana neno maji, hiyo si kasoro. Mkiliondoa, mniondoe na mimi."

Alilituma papo hapo. Mama alimuuliza ameandika nini, akamsomea. Mama aliendelea kupiga pasi kola mbili, tatu. Kisha alisema angeongeza neno moja kali pale mwisho, lakini ni sawa tu.

Chini ya jibu lake mlezi aliandika maneno mawili: "Naunga mkono." Siku mbili zikapita. Alhamisi asubuhi kazi yote iliunganishwa kwenye programu, bila sentensi hata moja ya michezo. Kwenye orodha ya waliochangia programu yaliongezwa majina mia tatu na arobaini ya mtaa wa chini, yakakaa pamoja na ya wahandisi, kwa mpangilio wa alfabeti. Dobi aliisoma orodha yote mpaka mwisho, hata majina ya asiowajua.

Mwezi uliofuata ofisi ya maji iliweka toleo jipya. Meneja, mwanamume mwenye viatu vilivyong'aa na sauti ya upole, alikata utepe, akatangaza kwamba sasa kila mwananchi atasikika. Dobi alikuwa namba ya saba. Alisema aliyokuwa akisema siku zote, kwa sauti ileile, akikata maneno yaleyale. Hakuna kilichoanguka. Maneno yake yalijipanga kwenye kioo, yote, na neno koki, na neno imefungwa. Mashine ikamwambia amesikika, ikatema kikaratasi chenye namba ya malalamiko. Foleni nzima ilisikika siku hiyo. Jioni mfagizi alisukuma ufagio wake kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, akakuta vumbi na kibanio cha nywele.

Wakasubiri. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Bomba lilibaki kavu. Dobi alipanda ngazi mpaka kwa meneja, bintiye nyuma yake. Meneja aliwakaribisha vizuri, akawaagizia maji ya kunywa, akawaonyesha ukutani mchoro wa mstari uliopanda mpaka juu. Malalamiko yaliyosikika: mia kwa mia. Alisema wageni wametoka mbali kuja kujifunza kwao. Dobi aliuliza habari ya koki. Meneja akasema ndiyo, limesikika hilo nalo, tena mara nyingi.

"Itafunguliwa lini?" dobi aliuliza.

Meneja alimweleza taratibu, kama anayemfafanulia mgonjwa, kwamba mradi ulikuwa wa kusikiliza, na umekamilika. Nyuma yake kabati lilikuwa na kioo, na ufunguo wa koki ulionekana humo, mrefu kama mkono wa mtu, umening'inia kwenye ndoano yake.

Njiani binti alisema likizo nzima imepotea bure. Alisema hivyo mara mbili.

"Haijapotea," mama alisema. "Tulidhani hawasikii. Sasa tunajua." Walitembea hatua kadhaa. "Yale magunia bado yapo?"

Yalikuwapo, saba kamili, nyuma ya kitanda cha mjomba. Wazo la tangi lilikuwa la dobi. Juu ya paa la ofisi ya maji palikuwa na tangi kubwa, limejaa siku zote, lililolisha kila bomba la jengo. Mama Pacha, aliyekuwepo, alisema yabebwe leo leo. Binti akasema hapana. Watu walitia saini maganda yao yatumike kwenye programu. Hawakutia saini yatiwe kwenye tangi. Mjomba alimtazama mpwa wake kama anayemwona amekua.

Basi akachapa fomu mpya, wakapita tena mlango kwa mlango. Safari hii hawakuhitaji kijiko. Watu walitia saini kwa kuegemeza karatasi ukutani, mgongoni kwa jirani, popote. Dereva aliruhusu hata zile sentensi zake tatu. Yule aliyebembeleza alifungua kifungo cha mfuko, akalitoa ganda lake, akalitia kwenye gunia mwenyewe. Fundi saa alitia saini ishirini na mawili, kama mwanzo.

Walipofika nyumba ya tatu kutoka kona walikusudia kupita. Fundi bomba alikuwa anawasubiri mlangoni, maganda manne kiganjani. Alisema Jumamosi ni zamu yake ya kusafisha tangi, na kwamba ngazi za nyuma hazina mlinzi. Kisha akaomba kalamu.

Jumamosi saa nne asubuhi, jua likiwa kali, walipandisha magunia. Fundi bomba alifungua kifuniko. Maganda yalishuka majini taratibu, safu juu ya safu, na yalipolowana tangi lilianza kuunguruma kama ukumbi uliojaa watu kabla ya mkutano, wala halikunyamaza. Walifunga kifuniko, wakashuka, wakaaga mlangoni kwa adabu.

Jumatatu mhasibu alifungua bomba anawe mikono, nalo likamwambia kwamba wazee wanakwenda kuchota maji wakiwa na magongo mkononi. Bomba la jikoni lilizungumza juu ya watoto wachanga. Birika lilipochemka lilitukana mama wa mashine. Meneja alifungua bomba la choo chake, na sauti ya fundi bomba ikamweleza kwamba koki haijaharibika, imefungwa kwa barua yake. Alisubiri imalize, akasuuza sabuni, akakausha mikono kwa leso.

Fundi bomba hakufukuzwa. Kumfukuza kungehitaji barua, na barua ingehitaji kueleza bomba lilisema nini. Wafanyakazi walizoea baada ya siku nne. Kila sinki lilibandikwa tangazo: "Tafadhali funga bomba wakati wa vikao." Mhasibu aligundua kwamba sauti ya mke wa fundi saa ni nzuri kuisikiliza mchana, akawa anaosha vikombe polepole. Ufunguo ulibaki kabatini. Mlezi, alipoandikiwa habari zote hizo, aliuliza kama fomu za pili zimehifadhiwa vizuri, kisha akamwomba binti mwakani awe mlezi naye, kwa kuwa maombi ni mengi. Mmoja wa waombaji, alisema, ana baba ambaye haonekani na kamera za benki. Binti alikubali.

Jumatatu ya wiki ya tatu, saa mbili na robo, dobi alifika ofisi ya maji na ndoo mbili. Hakuchukua namba. Alizunguka jengo mpaka kwenye bomba la bustani, lile la kumwagilia maua, akaweka ndoo ya kwanza chini yake. Nyuma yake walikuja Mama Pacha, dereva, fundi saa na wengine, foleni hadi getini, kila mtu na chombo chake. Mlinzi alisogea akauliza wanafanya nini.

"Nimekuja kusikiliza malalamiko yangu," dobi alisema. "Ni yangu. Nina nakala ya fomu."

Mlinzi aliisoma fomu mbele na nyuma. Aliangalia tangazo la ofisi, halikusema lolote kuhusu ndoo. Akarudisha fomu, akasogeza kiti chake kivulini.

Dobi alifungua bomba. Maji yalitoka kwa nguvu, na pamoja nayo ikatoka sauti yake mwenyewe ya zamani, ikisema yeye ni dobi wa mtaa wa chini, na huu ni mwezi wa tatu hawana maji. Aliiacha imalize, mkono kiunoni, mpaka ndoo ikajaa.

"Sasa ni mwezi wa kumi na tisa," aliliambia bomba, akasogeza ndoo ya pili.